Dalali wa samaki alivyonifundisha balagha

Mdogo wangu, umelalamika kwamba umekariri tamathali za usemi, tashbihi, sitiari, tashititi, tafsida na takriri, mpaka usiku wa manane, kisha ukisikiliza hotuba huitambui hata moja. Mie nimepita hapo hapo. Skuli nilipata alama nzuri za fasihi, halafu nikanaswa na dalali wa samaki mnadani Malindi, Unguja.

Siku ile nyumbani anakuja mkwe. Nimekwenda mnadani na nia ya kununua vibua vya kukaanga, basi. Dalali kamnyanyua nguru kwa mkia, kamzungusha mbele ya watu, bei hataji. Kauliza tu: "Mwenye mgeni leo, atamkirimu kwa vibua?" Hakuniangalia, wala hakujua kama nina mgeni. Lakini nilishajibu moyoni, na mkono ukanyanyuka. Nikarudi nyumbani Mwembeladu kwa miguu, nguru mkononi, nauli ya daladala imeshakwenda. (Mkwe mwenyewe, kumbe, samaki mkubwa hamtaki.)

Swali lile ndiyo tashititi uliyokariri, swali la balagha, yaani la ufundi wa kumvuta msikilizaji, lisilongoja jibu. Daftari halikukwambia nguvu yake iko wapi. Angesema "vibua havimfai mgeni", ningembishia pale pale. Aliponiachia nimalizie mwenyewe, nimbishie nani? Aristotle, mwanafalsafa Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, katika balagha watu humkumbuka kwa mambo matatu: sifa ya msemaji, hisia za msikilizaji na mantiki ya hoja. Mie naona lenye faida zaidi ni jingine alilolieleza: hoja ya msemaji aghalabu huachwa na pengo, msikilizaji akaliziba kwa yale anayoyaamini tangu zamani. Hata neno balagha, kwa Kiarabu, mzizi wake ni ule ule wa kubaleghe: kufika. Maneno yanafika kwako, hatua ya mwisho unaipiga wewe.

Tazama kijembe. Shangazi yangu aligombana na jirani. Asubuhi kajifunga kanga ya "Hasidi hana sababu", kaenda kufagia uani, upande wa ukuta wa jirani, pahala palipokwisha kufagiliwa. Jirani hakustahamili: "Bibi wee, unanisema mie?" Shangazi hata ufagio hakuusimamisha: "Nguo nimenunua Darajani, maneno yamekuja nayo." Hasidi keshajitaja.

Sitiari nayo ni hivyo hivyo. Ukimwita mtu papa, hukusema ni kwa meno, kwa tamaa au kwa harufu, anayesikia anachagua. Tafsida, "katutoka" badala ya "kafa", inaziba neno ambalo kila mtu kalisikia.

Takriri, kurudia neno, naiona mbali kidogo na hizi. Yenyewe inakufanya ulijue neno kabla halijafika, ukae ukilingoja. Martin Luther King, mpigania haki za Wamarekani weusi, Washington, mwaka 1963, alilirudia lile la "nina ndoto" hivyo, na kila aliporudi kwenye neno lile alilibebesha picha mpya. Ukirudia bila kuongeza kitu, hiyo si takriri, ni kukosa la kusema, na wanasiasa wetu wengi hawajaambiwa.

Basi kesho acha orodha. Chukua tangazo moja la dukani au nasaha za harusini, ugawe karatasi mara mbili: kushoto andika alichotamka msemaji, kulia ulichomalizia wewe. Pale upande wa kulia ulipojaa kuliko wa kushoto, hapo ndipo utafute jina la tamathali.