Umeacha sigara, jirani hajaacha

Siku ya tisa tangu niache sigara nilikuwa nimekaa kwenye bajaji yangu kijiweni nasubiri foleni isogee, jamaa wa mbele yangu akawasha fegi, na kabla sijafikiria chochote mdomo wangu ukasema "nibakizie". Wavutaji mnalijua hilo neno. Ukiwahi kulisema wewe wa kwanza basi kile kipande cha mwisho ni chako, haijalishi nani kanunua. Jamaa akageuka akanicheka, "si umeacha wewe?" Nikamwambia nimeacha bana, natania tu. Sikuwa natania. Mate yalishajaa mdomoni.

Nimevuta miaka 14 na nimeacha mwaka jana ndani ya Ramadhani. Watu wakiniuliza kipi kilikuwa kigumu wanategemea niseme arosto ya wiki ya kwanza, kichwa kugonga, hasira za bure, usingizi wa mang'amung'amu. Yapo hayo, sikatai, ila yanapungua yenyewe siku zinavyoenda. Kilichonitesa mimi ni moshi wa wenzangu, maana we umeacha lakini kijiwe hakijaacha, jirani hajaacha, baba mkwe hajaacha, na abiria anapanda nayo inawaka mkononi. Kwa hiyo hii naandika kwa ajili ya yule aliye wiki ya pili ya tatu hivi na ameanza kujiona kama amezungukwa.

Kuacha ndani ya Ramadhani kuna urahisi wake, mchana kutwa hakuna anayekuvutia usoni, kijiwe kizima kimenuna. Shida ni magharibi. Kuna watu wanafungua kwa tende moja na fegi mbili, we ukikaa nao hapo umekwisha. Mi nikawa nafungulia msikitini, nabaki hukohuko mpaka tarawehe iishe, yani nilivyokuwa naswali mwaka ule mke wangu alidhani nina jambo kubwa nataka kumwomba. Ikaja Idi, wenzangu wakarudi kuvuta mchana kweupe na hapo ndo mtihani ukaanza.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba pua inafunguka. Miaka yote ile nilikuwa sisikii harufu vizuri, nimeacha wiki mbili naanza kunusa kila kitu, mvua ya masika, petroli, vitumbua vya mama wa ng'ambo ya barabara, na sigara ya mtu aliye mita ishirini. Na mwanzoni ilikuwa inanukia TAMU, tamu kuliko nilipokuwa navuta mwenyewe. Mwezi wa tatu ikaanza kunuka, nikafurahi nikajua nimepona. Usidanganyike na hiyo hatua. Mwezi wa tano waya wa klachi ulinikatikia mchana, hesabu ya bosi haijafika hata nusu, jioni nimekaa nimechoka akapita mtu na fegi, na ule moshi ulinukia kama biriani ya mama siku ya Idi. Nilitembea nyuma ya yule mtu hatua kama sita hivi bila kujijua. Hatua sita, mtu mzima na akili zangu.

Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini. Ukivuta, nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde kama 10 tu, sasa hesabu mwenyewe, pafu ngapi kwa siku mara miaka 14, kila pafu ubongo unaandika harufu hii = raha hii. Nikotini utakayoipata kwenye moshi wa mtu aliyepita njiani ni kidogo, mi naona hainifanyi kitu, kinachonivuta ni lile daftari la kichwani linafunguka upya. Na hamu yenyewe ikija haikai sana, ni dakika chache. Nimeipima sana ya kwangu, haivuki tano. Kwa hiyo mtu akiwasha kijiweni mi nanyanyuka. Sijui niseme naenda wapi, nanyanyuka tu, nakagua tairi, nachukua tambara nafuta kioo, naenda kununua maji afu napiga stori na muuza maji. Bajaji yangu haijawahi kuwa safi kama miezi ile, bosi alidhani nataka kuinunua.

Ila maji nanunua kwa mama wa vitumbua, siyo dukani. Dukani pale wanauza sigara mojamoja na kiberiti cha gesi kimefungwa kamba dirishani, unanunua unawasha hapohapo, kwa hiyo pale mbele muda wote kuna watu wawili watatu na wingu lao. Kubadilisha duka ni kitu kidogo lakini kimenisaidia kuliko pipi zote nilizomung'unya.

Sasa niwape aibu yangu. Hii siyo mara ya kwanza kuacha. Mara ya kwanza nilidumu siku 19, nikaenda kibanda umiza kuangalia Simba na Yanga. Mnavijua vile vibanda, mabati juu, maturubai pembeni ili wa nje wasichungulie bure, feni moja inazungusha joto lilelile, watu mia na mabenchi ya kubanana. Dakika ya kumi humo ndani hewa ishakuwa ya bluu. Nikasema mi sivuti, nakaa tu. Mpaka mapumziko nilishavuta za wenzangu zote kwa pua, na kipindi cha pili jamaa wa pembeni akaninyooshea kimoja bila kuuliza, kwa ukarimu tu, nikapokea. Kesho yake nikanunua pakiti nzima. Simlaumu yule, hakujua. Mi ndo nilijipeleka ndani ya pakiti nikakaa humo dakika tisini. Siku hizi mechi naangalia pale fundi simu anapoweka tivii nje kwenye baraza, picha ndogo, jua linapiga kwenye kioo, bao silioni vizuri nasikia kelele tu ndo nauliza nani kafunga. Nimezoea.

Kosa la pili nililifanya safari hii ya kufanikiwa, nalo ni mdomo. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa nasoma kila kitu kwenye simu, afu nakuja kijiweni kuwamwagia. Nikawaambia moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000 na kama 70 hivi zinaleta kansa. Nikawaambia Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 1 wanaokufa kila mwaka na wenyewe hawavuti, wamevutishwa tu moshi wa wengine. Nikawaambia hakuna kiwango kidogo cha moshi kilicho salama, na kufungua dirisha au kuwasha feni hakuuondoi. Yote kweli, na yote hayakusaidia kitu. Wakanipa jina Dokta. Nikifika tu, "Dokta, leo tunakufa saa ngapi?" kijiwe kizima kicheko, na kuna mmoja nina uhakika alikuwa anavuta ya ziada kwa ajili yangu. Ukiwa umevuta miaka 14 na hao hao watu, umewabakizia wamekubakizia, huna uso wa kuwahubiria wiki ya sita. Nilipofunga mdomo ndo wakaanza wenyewe kusogea pembeni wakiwasha. Siyo wote, lakini watatu wanne wanasogea, na yule wa "si umeacha wewe" ndo wa kwanza.

Kwenye bajaji hapo mi ndo mwenye sheria. Nilianza na stika ya sigara iliyochorwa mstari mwekundu, nikaibandika nyuma ya kiti changu, abiria anaiangalia huku anapuliza. Kilichofanya kazi ni kumwahi kabla hajakaa. "Bosi malizia kwanza, nakusubiri." Basi. Nusu dakika nimesimama pembeni ya barabara, tangu nianze hivyo hakuna aliyenikasirikia, wengi wanaitupa palepale wanapanda. Ukimwacha akakaa afu ukamwambia azime ni ugomvi, kashalipia kiti kichwani mwake. Sheria ya tumbaku hapa kwetu ipo tangu 2003, na ndugu yangu aliyeko Nairobi ananiambia kwao ya 2007 ukikamatwa unavuta pasiporuhusiwa faini inafika shilingi 50,000 za Kenya, na mjini kuna sehemu zimetengwa wavutaji wanasimama humo kama wanasubiri basi. Safi sana. Ila mi sijawahi kumtajia abiria sheria, nikimtajia anashuka na nauli yangu.

Mtihani wa heshima ni baba mkwe. Mzee ana miaka sabini na kitu, akija kututembelea anakaa sebuleni kwenye kochi, anatoa pakiti, na mimi ndo nilikuwa namwashia, sasa leo utamwambiaje? Huwezi. Mke wangu ndo alitoa akili, na ni akili ya kike hiyo mi nisingeifikia. Siku mzee anakuja, anatoa kiti kizuri cha nyumbani, kile cha mto, anakiweka chini ya mwembe na stuli pembeni, kahawa ipo, kopo la majivu lipo. "Shikamoo baba, karibu huku kuna upepo, ndani joto." Mzee anakaa kama sultani, wajukuu wanaenda kumsalimia mmojammoja kabla hajawasha, na mimi namsindikiza kahawa nikikaa upande upepo unapotokea. Mpaka leo hajui kama kafukuzwa sebuleni, na Dar ndani joto kweli, kwa hiyo hata uongo siyo.

Hilo la upepo lina shule yake. Babu yangu alikuwa baharia wa majahazi, watu wale hawasemi kaa huku au kaa kule, wanasema joshini na demani, joshini upepo unakotoka, demani unakoelekea. Nilikuwa naona ni maneno ya kizee tu. Sasa hivi popote ninapofika, harusini, msibani, kijiweni, kitu cha kwanza naangalia moshi wa chungu au majani ya mti yanalala wapi, afu nakaa joshini. Msibani hasa, maana usiku wa msiba watu wanavuta sana na huwezi kuondoka.

Na huo upepo ndo uliniletea jirani. Tumepanga uani, vyumba vinatazamana, chumba chake kiko kusini kwa changu. Ni mlinzi wa usiku, anarudi saa kumi na moja alfajiri, anakaa kibarazani kwake anavuta mbili ndo analala. Miaka mitatu hatujawahi kuwa na neno, nilikuwa naamka naenda kukaa naye. Mwezi wa nne upepo wa kusi ukaanza, na moshi wake wote ukawa unaingia kwangu, dirisha letu ni nyavu tu halina kioo. Naamshwa na fegi ya mtu mwingine kila siku, tumbo tupu, ile saa ambayo zamani ndo ilikuwa fegi yangu ya kwanza. Wife akajaribu udi. Jamani udi hautoi moshi wa sigara, sasa unakuwa na moshi wa aina mbili na kichwa kinauma.

Ningevumilia mpaka kaskazi ije ibadilishe, kama siyo mtoto. Nasra ana miaka mitatu, akaanza kubanwa kifua usiku, tukampeleka kliniki, daktari akauliza nani anavuta nyumbani. Nikajibu kwa kifua mbele, hakuna, mi nimeacha. Akauliza na jirani je? Nikanyamaza. Akanieleza mapafu ya mtoto bado yanakua na anapumua harakaharaka kuliko mimi, kwa hiyo kile ninachokiona ni harufu tu yeye kinamwingia zaidi.

Nilikaa siku tatu natafuta maneno. Mtu ametoka kulinda masaa kumi na mbili, usingizi machoni, kale kafegi ndo starehe yake ya siku, na mi nilikuwa mwenzake. Sikumwendea alfajiri akiwa anavuta, hapo mtu anajitetea. Nilimwendea saa kumi jioni ameamka, ameoga, anakunywa chai. "Shikamoo mzee. Naomba unisaidie kitu, mwanao kifua kinambana usiku na daktari kasema moshi." Sikusema wako. Nikasema moshi. Akaniangalia muda, akasema, "Kumbe unaingia huko?" Kumbe hata hakuwa anajua! Nimemnunia mwezi mzima rohoni na mtu hajui.

Akahamia bombani, nyuma ya choo, demani kabisa. Mi nikamwita fundi seremala akaniwekea kibao cha kufungua na kufunga kwenye dirisha. Lile koti langu la alfajiri la zamani nililifua mara mbili likawa bado linanuka sigara, limekuwa dekio. Nasra ana nafuu, kifua kinambana mara mojamoja wakati wa baridi.

Mvua ikinyesha mzee hawezi kukaa bombani, anabaki kibarazani kwake, na sijamkataza, kwake ni kwake. Saa kumi na moja nasikia geti, nasikia gamboti zinavuliwa, afu sauti ya chinichini asiamshe watu, "Baba Nasra, nawasha." Nanyanyuka gizani nafunga kibao.