Nilimwita Binti Yangu Busara

Juzi dada mmoja wa Mwanza aliniandikia. Ana mimba ya miezi saba, kipimo kimeonyesha mtoto ni wa kike, na yeye na mumewe wanataka kumwita Sauti kwa sababu walijuana kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara, Unguja. Mama yake mzazi amekataa katakata: "Sauti ni jina la mtu?" Dada huyu anajua kwamba mimi nina binti anayeitwa Busara, ndiyo maana akanitafuta. Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta naandika haya yote.

Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha. Mimi na mume wangu tulikuwa tumezoea kupanda boti kila Februari, na mwaka ule tulikaa Dar kama watu waliofiwa. Liliporudi Februari 2017 nilikuwa na mimba ya miezi sita. Nilimwambia mume wangu hata kwa kubebwa nitakwenda.

Aliyewahi kuingia Ngome Kongwe ya Unguja, tamasha linapofanyika, wakati wa kaskazi anajua joto lake. Kuta zile, walizojenga Waarabu wa Omani baada ya kuwafukuza Wareno, zinameza jua mchana kutwa, usiku zinalitema. Mama mmoja alinihurumia akaniachia kiti cha plastiki, nikakaa nyuma ya kijana aliyekuwa anasaidia kupanga watu. Fulana yake nyeusi ilikuwa imelowa jasho ikamganda mgongoni. Maneno ya juu yalizama kwenye mikunjo, likabaki moja tu linasomeka: BUSARA. Akiinama, herufi zinanyooka. Akigeuka, zinapotea. Watu wote walikuwa wamesimama wanacheza, mimi jukwaa silioni, naona neno lile tu. Sijui nililisoma mara ngapi. Nikamvuta mume wangu, nikamwambia sikioni, "Akiwa wa kike, Busara." Akadhani naomba maji. Nikarudia. Akacheka, akaniwekea mkono tumboni, na jina likawa limepita.

Miezi iliyofuata haina la kusimulia. Alizaliwa Mei, salama, kilo tatu na ushee.

Sasa nije kwenye kosa langu. Sikumwambia mama mkwe.

Kwa upande wa mume wangu, mjukuu wa kwanza wa kike hurithi jina la marehemu bibi mzaa baba wa ukoo ule, Mwanaidi. Nililijua hilo tangu siku nilipoolewa. Nilijidanganya kwamba akimwona mtoto atalainika. Siku ya saba tukafanya akika, mbuzi mmoja kama ilivyo kwa mtoto wa kike, nywele zikanyolewa na thamani ya uzito wake katika madini ya fedha ikatolewa sadaka. Shehe akauliza jina na maana yake. Nikataja. Akasema maana yake ni njema, tuendelee. Mama mkwe akainuka, akafunga kanga yake vizuri, akaondoka kabla pilau haijapakuliwa. Nilimfuata mpaka mlangoni. Aliniambia neno moja: "Umemtwisha mtoto mzigo. Siku akikosea, watu watamdai hiyo busara."

Miezi mitano hakukanyaga kwangu. Nilimnyonyesha mwanangu wa kwanza huku nikisikia kwa mawifi kwamba mimi ni mtu wa miziki, nimempa mtoto jina la fulana. Naandika hapa na bado linanichoma.

Na linanichoma zaidi kwa sababu mama mkwe hakukosea kabisa. Busara akivunja kikombe, jirani ndiye wa kwanza: "Busara gani hii, mwanangu?" Darasa la kwanza alirudi nyumbani analia, wenzake wamemwimba. Tulikaa naye mkekani jioni ile nikamsimulia habari za Ngome Kongwe, kijana mwenye fulana, ngoma, bahari. Nikamfundisha na jibu la kuwapa. Sasa akitaniwa anasema, "Naitwa Busara, bado nasoma," na wanaomtania wananyamaza. Yuko darasa la pili na jina lake analitaja kwa sauti kuliko watoto wote. Mwalimu wake ameniambia kwa mdomo wake kwamba katika darasa lile kuna akina Aisha watatu na akina Zawadi wawili, ila Busara ni mmoja. Nilitembea kurudi nyumbani kichwa juu.

Dada wa Mwanza, mama yako akikuuliza kama hilo ni jina la mtu, mkumbushe akina mama waliouimba muziki wetu wa taarabu. Siti binti Saad alizaliwa Fumba mwaka 1880, na jina alilopewa ni Mtumwa. Mtumwa! Baadaye ndipo akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima, na kwa jina hilo akaenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake. Bi Kidude, ambaye aliimba kwenye jukwaa la tamasha letu hilo hilo mpaka uzeeni, kwa wazazi wake alikuwa Fatuma binti Baraka. Hilo la Kidude lilimshika kwa sababu alizaliwa kadogo mno. Nani leo analisikia jina la Kidude akamdharau? Mtu ndiye anayelipa jina uzito. Wewe kazi yako ni kumpa lile utakaloweza kumweleza kwa nini, ukimtazama machoni, siku atakayorudi kutoka shule analia.

Lakini pia msiwe wepesi, jamani. Mapenzi ya muziki yasiwapofushe. Jina lipimwe kwa kila lugha atakayoishi nayo mtoto. Jinja, Uganda, kuna tamasha kubwa lililoanza 2015 linaloitwa Nyege Nyege. Kwa Kiganda neno hilo linatokana na hamu ya kucheza isiyozuilika, na Waganda wanalitaja bila shida. Sisi wa Pwani tunajua kwetu lina maana gani. Mzazi wa Kampala akimwita bintiye hivyo, halafu binti akaja kusoma Tanga, nani atamlinda? Liite jina uani, kwa sauti, kama unavyomwita mtoto aliyechelewa kurudi dukani. Ukilionea aibu wewe, na yeye atalionea aibu.

Na ofisini, unapokwenda kuchukua cheti cha kuzaliwa, usimwachie karani alisikie tu jina. Mimi nilitamka, karani akaandika, nikaondoka na cheti bila kukisoma. Mwanangu aliishi karibu mwaka mzima akiwa Bushara kwenye karatasi. Kulirekebisha kulinigharimu safari nne na nauli zake. Andika jina mwenyewe kwa herufi kubwa, mkabidhi, na usitoke dirishani mpaka umesoma kilichochapwa.

Zaidi ya yote waambieni wazee mapema. Nawaambia kwa kuwa mimi sikufanya. Nenda kwa mama yako kabla hujajifungua, kaa naye jikoni, msaidie kuchambua mchele, umweleze mlivyojuana na mwenzako. Msikilize na yeye ana jina gani moyoni, huenda likawa la pili la mtoto. Nisingepungukiwa na kitu kama ningemwandika binti yangu Busara Mwanaidi. Nilitaka ushindi mzima, nikaupata, na siku ya akika ya mwanangu sina picha hata moja yenye bibi yake.

Siku hizi mama mkwe anakuja, tena anakaa hata wiki mbili. Hajawahi kulitamka Busara. Anaita "Mwanaidi!" kutoka chumbani, na binti yangu anaacha anachofanya, anaitika "Abee bibi!" na kwenda mbio.