Ukitaka Kuwaenzi Wazee wa Nyumba za Wazee, Nenda Mfunguo Tano

Kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, nyumba zetu za wazee hazina pa kuegesha gari. Taasisi hii inashusha mchele, ile inashusha tende na mafuta ya kupikia, bango linatandazwa ukutani, picha inapigwa, dua inaombwa, kisha kila mtu anakimbilia futari kwake. Sisemi kwa kubeza. Mchele ule unapikwa na kuliwa, na nia ya mtu Mungu ndiye anayeijua. Lakini kwa miaka ambayo nimekuwa nikiingia na kutoka katika mojawapo ya nyumba hizi hapa Unguja, nimeona kwamba mgeni anayetajwa na wazee kwa jina ni yule wa Mfunguo Tano, yaani mwezi wa Safar, pale Idi zote mbili zimeshapita, Maulidi bado, na hakuna kamera inayokumbuka njia.

Kwa hiyo haya ni ya yule anayetaka kuwaenzi wazee wanaoishi huko, pamoja na wanaowaogesha na kuwalisha, lakini hajui aanzie wapi.

Kwanza tuiondoe ile aibu. Visiwani kwetu ukitaja nyumba ya wazee mtu anaguna, anauliza ni watoto gani hao waliomtupa mama yao. Waliotupwa wapo, siwezi kukataa. Ila niliokaa nao mimi, wengi hawakuwa na wa kuwatupa. Kuna waliovuka kutoka bara wangali vijana kuja kuchuma karafuu au kubeba mizigo bandarini, wakazeekea hapa bila ndugu. Kuna waliozika watoto wao wote. Kuna ambao hawakujaaliwa kuzaa. Nyumba ya wazee ya Welezo, hapa Unguja, asili yake ni masista wa Kikatoliki waliokuwa wakiwahudumia maskini na wenye ukoma zama za mkoloni. Sebleni ilijengwa enzi za Mzee Karume, na Pemba kuna Limbani, pale Wete. Mtu aliyekosa wa kumwinua usiku akapata kitanda, chakula na mhudumu hajatupwa. Ameokotwa.

Mimi nilianza kwenda kwa sababu ya jirani yetu mmoja, mvuvi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Macho yalimwishia, mkewe akatangulia, mtoto hakuwa naye. Mtaa mzima ulimpikia kwa zamu, na chakula hakikuwahi kumpungukia. Shida ilikuwa usiku: akianguka njiani kwenda chooni, nani atamsikia? Alipohamia nyumba ya wazee tukawa tunamfuata huko, leo huyu, kesho yule. Yeye alipofariki miguu yangu ilikuwa imeshazoea njia, na wapo wengine waliokuwa wakiniuliza mbona nimechelewa.

Ukitaka kwenda, anza na msimamizi. Nyumba za serikali ziko chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto, na ruhusa si jambo kubwa ikiwa umeuliza mapema. Uliza pia siku ya daktari ni ipi, ili usiwaingilie. Saa nne asubuhi ndio wakati mzuri: wameshaoga, wameshakunywa chai, jua halijawa kali. Baada ya chakula cha mchana usiende, waache walale.

Ukifika, usisimame katikati ya ukumbi ukatoa shikamoo moja ya jumla jamala. Kila mzee na shikamoo yake, na umsubiri aitikie. Marahaba ya mtu wa miaka themanini na ushei inaweza kuchukua muda kutoka, na wewe ukishampita kabla haijatoka umemvunjia heshima bila kujua. Kwenye chumba piga hodi, hata kama mlango uko wazi na unamwona amekaa kitandani. Chumba kile ndiyo nyumba yake. Mpaka akwambie karibu, wewe ni mtu wa nje. Kisha vuta kiti ukae kitako. Mgeni aliyesimama ni mgeni anayeaga.

Mazungumzo ndipo wengi wanapokwama. Swali la kwanza linalowatoka ni "watoto wako wako wapi, bibi?" Liache hilo. Akitaka atakueleza mwenyewe, na pengine kidonda kile hataki kiguswe na mtu aliyemjua leo. Muulize kazi. Muulize alifanya nini alipokuwa na nguvu zake, utashangaa mgongo unavyonyooka. Kuna bibi mmoja wa Kipemba aliyenieleza msimu wa karafuu tangu mkarafuu mpaka gunia: vikonyo vinachumwa kwa mkono kabla ua halijafunguka, jioni familia nzima inakaa kuchambua punje na makonyo, usiku kucha mikono inanuka karafuu mpaka wali unakuwa na ladha yake, kisha zinaanikwa kwenye majamvi, na mvua ikitishia watu wanatoka mbio hata kama wamo kwenye sala ya sunna. Alinikaripia: "Nyie watoto wa mjini mwaijua karafuu ya kwenye pilau tu." Nikamwambia kweli, bibi. Akacheka mpaka mhudumu akaja kutazama kuna nini. Siku nyingine nilipofika alikuwa ameshapanga cha kunifundisha.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mzee kupokea tu kunachosha. Mtu aliyelea, aliyezalisha, aliyekuwa nahodha wa ngalawa, leo kila anayemwendea anamwekea kitu mkononi na kumwonea huruma. Mpe nafasi ya kutoa. Peleka ukili, umwombe akuonyeshe kusuka. Peleka kitambaa cha kofia na uzi, hata kama vidole vyake havishoni tena, macho yake bado yanajua kiua kilichokosewa. Kwa wanaume, bao la kete halina mshindani, na usijidanganye kwamba utawaachia washinde. Watakufunga kweli kweli na watakusimulia wiki nzima.

Kuhusu wale ambao akili imeanza kuwapotea: usibishane nao. Bibi akikuuliza kama meli ya Pemba imeshafunga gati kwa sababu anamngoja mumewe, na mume alikufa zamani, usimwambie alikufa. Utamfisha upya leo, na kesho atasahau tena. Mwambie, "Alikuwa akikuletea nini, bibi?" Basi ataanza kukueleza maembe na kanga, na kitanda kitageuka bandari kwa nusu saa. Hili sikulisoma popote, nimeliona kwa wahudumu.

Sasa mkononi. Mkono mtupu haulambwi, najua, lakini mkono uliojaa halua nao una madhara. Wengi wao wana kisukari au presha, au vyote viwili, na mhudumu ndiye atakayebaki na mzee usiku sukari ikipanda. Piga simu uulize kinachohitajika. Mara nyingi jibu halina haiba ya kupigiwa picha: pampasi za watu wazima, glavu, sabuni ya kufulia, mafuta ya mgando ya kupaka mwilini, mashuka, mpira wa kutandika chini ya shuka. Doti ya kanga daima inapokelewa, na bibi atataka kujua jina lake, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla hajaifungua, kwa hiyo lichague jina kwa makini. Babu mpelekee msuri na betri za redio. Chakula, ukipika, kipike laini: bokoboko, uji, samaki aliyechambuliwa miba. Pweza mwache hukohuko Forodhani.

Tambuu ni kesi ya peke yake. Daktari hapendi, na haki yake. Lakini mzee aliyeitafuna tangu usichana wake anakuomba kwa jicho, na mimi sitasema hapa ninafanya nini.

Jambo jingine ambalo wageni wengi hawalijui: mzee akikupa pesa yake umnunulie kitu, ipokee. Aprili 2016 Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii kwa waliotimiza miaka 70, hata aliyekuwa mkulima au mvuvi asiyewahi kuajiriwa popote. Ilianza shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikafikishwa 50,000. Si nyingi. Lakini ukimwambia "weka tu babu, nitanunua mimi," umemnyang'anya ile raha ya kuagiza kwa pesa yake na kudai chenji yake. Mletee chenji yote, hadi ya mwisho, uihesabu mbele yake.

Nije kwa wahudumu, maana hao ndio wanaosahaulika hata siku ya mabango. Tazama kazi yao kwa zamu moja tu. Mzee asiyeweza kujigeuza anapaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, ili mgongo na nyonga zisitoke vidonda. Kumwinua mtu mzima kutoka kitandani ni kazi ya mgongo, na mgongo wa mhudumu haulipwi posho. Kumlisha asiye na meno ni kijiko kwa kijiko, akikohoa unasubiri. Kumwogesha mtu aliye rika la mama yako kunataka sitara: kanga inafunika sehemu moja wakati nyingine inaoshwa, na mdomo unasema habari za mvua na bei ya dagaa ili macho yasione haya. Nimemwona mhudumu kijana akitukanwa matusi ya nguoni na babu aliyechanganyikiwa, akajibu, "Naam babu, inua mkono huu sasa." Huo ni ufundi. Haupatikani kwa kuwa na moyo mzuri tu.

Kuwashukuru hakuhitaji hafla. Fika saa ya chakula uombe kumlisha mzee mmoja kwa maelekezo yao, ili mhudumu akae hata dakika kumi. Wa zamu ya usiku peleka chupa ya chai ya tangawizi na mkate wa kumimina. Na kama umeona mtu anafanya kazi yake vizuri, andika barua kwa msimamizi, taja jina lake na ulichokiona. Malalamiko yanaandikwa kila siku. Sifa huishia mdomoni mlangoni na hazifiki kwenye faili.

Na siku mzee akifariki, nenda ukawape mkono wa taazia wahudumu. Sisi huku tukisikia msiba tunauliza "wenye msiba ni akina nani?" Pale, mara nyingi, ni wao. Ndio waliojua alipenda chai ya namna gani, ndio waliomfumba macho, na saa chache baadaye wanatandika kitanda kilekile kwa anayekuja. Alipofariki yule jirani yetu, watu walimiminika mtaani kutupa pole sisi. Mwanamke aliyemgeuza ubavu usiku wake wa mwisho alikuwa kazini, hakuna aliyemfuata.

Marekani wana wiki nzima kila Septemba ya kuadhimisha nyumba zao za makaazi ya wazee. Ilianza 1995 na hufunguliwa siku yao ya babu na bibi. Kwetu Siku ya Wazee Duniani ni tarehe 1 Oktoba, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990. Ninachokipenda katika wiki yao ni kwamba wakaazi na wanaowahudumia wanasherehekewa pamoja, hakuna anayekaa nyuma akisambaza sahani. Hilo tungeweza kuliiga Oktoba ijayo bila kuongeza hata senti kwenye bajeti: siku hiyo wageni ndio wapakue, wahudumu wakae na wazee kwenye jamvi moja.

Picha? Muulize mzee mwenyewe, peke yake, si mbele ya kundi ambapo ataona haya kukataa. Wapo wanaopenda na wataomba kwanza wavae kofia. Wapo wasiotaka jamaa zao walioko Dar au Muscat waone walipo. Akikataa, simu irudi mfukoni, na usimpunguzie zawadi.

Kama uko mbali na nyumba hizi, angalia mtaani kwako. Bila shaka yuko dada anayemwuguza mama yake ndani mwaka wa ngapi sijui, hajahudhuria harusi wala hajakaa barazani jioni. Usimwambie "ukiwa na shida niambie," hatakwambia. Mwambie, "Alhamisi baada ya alasiri nitakuja kukaa na mama, wewe nenda zako." Na Alhamisi ufike.