Maswali ya Wasomaji: Joto la Udongo na Vinundu vya Maharage

SWALI: Ninalima maharage Babati, mkoani Manyara. Msimu uliopita nilipaka mbegu unga wa bakteria aina ya rizobia, na mizizi ikajaa vinundu. Mwaka huu nimepanda shamba lilelile bila kupaka, baada ya kiangazi kikali kulikuta likiwa limechomwa moto na kubaki tupu. Vinundu ni vichache mno. Je, joto limewaua bakteria wote? Nasikia hujijengea utando wa kuwakinga, mbona haukuwafaa?

JIBU: Ndugu msomaji, huenda wengi wamekufa, lakini kuna uwezekano kwamba baadhi wapo hai na hawawezi tena kazi uliyowatarajia waifanye, yaani kuunda vinundu kwenye mizizi na kunasa humo naitrojeni ya hewani kwa ajili ya mmea.

Rizobia wengi hukua vyema katika nyuzijoto 28 hadi 31 za Selsiasi, na wengi hushindwa kabisa kukua zikifika 37. Udongo mtupu unaopigwa na jua la mchana katika nchi zetu unaweza kuvuka nyuzi 50 kwenye tabaka la juu, ingawa sentimita kumi chini hali huwa na nafuu kubwa.

Utando unaoutaja ni ute wa sukari, protini na vinasaba ambao bakteria huutoa wakishajibandika kwenye chembe ya udongo au kwenye mzizi. Ute huo hushika maji na kuchelewesha kukauka kwa seli zilizomo ndani, lakini joto lenyewe hupenya. Joto la wastani huweza hata kuwachochea baadhi ya bakteria watoe ute mwingi zaidi. Likizidi, seli hulazimika kutumia nguvu zake kutengeneza protini za kunusuru protini nyingine zinazoharibika, na ujenzi wa utando hudorora. Katika shamba lililochomwa, lisilo na mabaki ya mimea, hata chakula cha kujengea utando huo ni haba.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwa macho, nami naiona kuwa nzito zaidi. Rizobia wa maharage hubeba vinasaba vya kuunda vinundu na kunasa naitrojeni kwenye plazimidi, yaani duara dogo la vinasaba lililo nje ya kromosomu. Joto kali huweza kusababisha seli ipoteze duara hilo au sehemu yake, na seli ya namna hiyo huendelea kuishi na kuzaana udongoni bila kuufaa mmea wako. Zaidi ya hayo, udongo unaozunguka mizizi ukifika nyuzi 33 hivi, mawasiliano ya kikemikali kati ya mzizi na bakteria hudhoofika, kwa hiyo hata bakteria wazima huunda vinundu vichache.

Aina ya udongo nayo ina neno. Mwaka 1964 mtafiti K. C. Marshall wa Australia alionyesha kwamba chembe za mfinyanzi zikichanganywa na kichanga kikavu huwakinga rizobia dhidi ya joto kali. Kama shamba lako ni la kichanga, una sababu ya ziada ya kutoliacha wazi.

Ushauri wangu ni kwamba usichome tena mabaki. Yatandaze juu ya udongo. Mbaazi, ambazo huko Babati hubaki shambani mahindi yakishavunwa, zinaweza kuutilia udongo kivuli kiangazi kinapoanza. Msimu ujao paka mbegu upya, ukiulizia unga wenye rizobia wanaostahimili joto, kama aina ya CIAT 899 iliyotoka kwenye vinundu vya maharage nchini Kolombia. Paketi isikae juani wala kwenye duka lenye bati linalowaka, na mbegu zilizopakwa zikae kivulini, zipandwe siku hiyohiyo na kufukiwa mara moja.

Mimea ikianza kutoa maua, chimbua michache kwa jembe badala ya kuing'oa, maana vinundu hukatikia udongoni. Pasua kinundu kwa ukucha: ndani kikiwa chekundu au cha waridi, kinanasa naitrojeni, kikiwa cheupe au cha kijani, hakifanyi kazi.