Wasomaji Wauliza: Taksim Moja Haitoshi Tasnifu

SWALI: Nasoma shahada ya umahiri katika taaluma za utamaduni. Nataka tasnifu yangu ihusu ubunifu wa papo kwa papo katika taarabu ya Unguja, hasa taksim, pale mpigaji mmoja anapopiga ala yake peke yake bila kupanga. Msimamizi kanirudishia pendekezo mara mbili: "Mada pana, na data yako iko wapi?" Nina onyesho moja nililorekodi kwa simu. Nianzie wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Msimamizi wako ana haki. Rekodi moja haikuonyeshi kipi mpigaji kakibuni pale pale na kipi hukipiga kila siku. Chagua ala moja, tuseme ganuni, ile ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, na maqamu moja (mpangilio wa noti ambao mpigaji huufuata), tuseme rasti. Pata wapigaji wawili au watatu, kila mmoja umrekodi siku tatu tofauti kwa maqamu hiyo hiyo. Kinachojirudia ni mazoea; kinachobadilika ndicho cha kuhojiwa.

Simu iache. Hujipandishia na kujishushia sauti, kwa hiyo mnong'ono na kishindo hutoka sawa. Weka kinasa sauti meta moja kutoka kwenye ala, WAV ya biti 24 kwa kHz 48; saa moja ya stirio hula gigabaiti 1 hivi. Kabla hajaanza, mwombe apige noti zote moja moja, toka nzito hadi nyembamba. Kamera ielekee mkono wa kushoto: ndio unaobadili noti, kwa vibati vidogo au kwa ukucha wa dole gumba, na hapo utaona maqamu inapohama.

Wengi hukwama kwenye kunukuu, yaani kuandika kwa noti kilichopigwa. Katika rasti ya kuanzia do, mi hukaa senti 350 hivi juu ya do (senti 100 ni hatua moja ya kinanda, kutoka kibonye hadi kinachofuata). Kinanda kina 300 au 400 tu. Programu ya noti huisukuma upande mmoja, nawe unaandika kwamba mpigaji kahamia maqamu nyingine! Pima kwa Sonic Visualiser, programu ya kuchunguza rekodi, ukilinganisha na zile noti za mwanzo, kisha nukuu kwa mkono. Ukikuta 400 kamili usishtuke, tazama kwanza kama kundi lina akodiani, nayo kama kinanda haina noti ya katikati. Dakika moja ya taksim itengee siku nzima.

Kabla juma halijaisha, rudi kwa mpigaji, msikilize rekodi pamoja. Simamisha rekodi palipobadilika, uliza, "Hapa ulikuwa unakwenda wapi?" Usimuulize kama "anabuni", ukileta neno la darasani utajibiwa la darasani.

Kibali cha utafiti cha Bara hakikufai Unguja, Zanzibar ina chake. Kiombe kabla ya kukata tiketi ya boti. Fomu ya ridhaa iwe na nafasi mbili, jina litajwe au lifichwe, na achague mpigaji mwenyewe.