Mkoani bila kubebwa

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Je, mtu mwenye shida ya kutembea anaweza kuutembelea mji wenu bila kubebwa?" Nami najibu kwa mji wa Mkoani, kisiwani Pemba, nilikozaliwa, ambako siku hizi huenda kama mgeni mara mbili kwa mwaka nikitokea Unguja. Anaweza. Ila ajue mwezi umeandama siku ngapi, ajue pa kuanzia, na wenyeji wake wakubali kumpitisha uani.

Nieleze kwanza hali yangu, ili msomaji ajipime nayo. Nilianguka mkarafuu nikiwa na miaka 19. Paja lilivunjika pahala pawili, na goti la kulia likakauka likiwa limenyooka; halikunji hadi leo. Natembea kwa magongo mawili ya kwapani. Njia ikiwa tambarare naweza kwenda nusu saa bila kupumzika. Ngazi napanda, taratibu. Kinachonishinda ni mteremko.

Watu wengi wanadhani tabu iko kwenye kupanda. Ukipanda utachoka, utasimama, utapumua, utaendelea. Ukishuka, kilima chenyewe kinakusukuma mgongoni, na wewe unatafuta pa kuweka gongo kabla mwili haujakutangulia. Aliyenifundisha kutembea upya hospitali alinipa kanuni moja ambayo sijaiacha: mguu mzima hutangulia kupanda, mguu mbovu hutangulia kushuka pamoja na magongo. Kwenye ngazi inatosha. Kwenye mteremko mrefu haitoshi, maana mguu usiokunja haufupiki. Kila hatua inabidi uuzungushe kando kama bawa la mlango.

Na Mkoani ni mteremko mtupu. Pemba haina mlima wa kutajwa. Lakini ni kisiwa cha vilima na mabonde: unamaliza kilima unaingia bonde la mpunga, unatoka bondeni unakabili kilima chengine. Chake Chake imekaa mgongoni mwa kilima. Wete barabara yake inateremka mpaka bandarini. Mkoani ndiyo iliyotundikwa hasa. Ukiwa bado chomboni, mji unauona wote kwa mpigo, gati chini, kisha mabati, minazi, mabati tena, mpaka juu. Uzuri wake ni huo huo unaomtisha mwenye magongo.

Tuanze na gati, maana wengi hukwama hapo hata kabla ya kilima. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, tofauti ya maji kujaa na maji kutoka hukaribia mita 4. Gati halisogei, chombo ndicho kinachopanda na kushuka. Kwa hiyo ubao wa kuteremkia abiria siku moja umelala sawa, siku nyengine umesimama kama ngazi ya kuchumia karafuu. Kuna watu wa makamo, magoti yamewachoka, ambao wameacha kwenda Pemba kwa sababu ya ubao huo tu, na hakuna aliyewaambia kwamba tarehe zinapishana.

Mvuvi yeyote anazijua hesabu zake. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwetu siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, yakawa yametoka kabisa kwenye saa nne asubuhi. Sasa fikiria wageni wa Sikukuu ya Mfunguo Mosi, yaani Idi ya baada ya Ramadhani. Sikukuu yenyewe ni mwezi kuandama. Kila anayekwenda kula sikukuu kwao kwa boti ya asubuhi anafika Mkoani maji yametoka, chombo kimeshuka chini ya usawa wa gati, ubao umesimama, na nyuma yake kuna umati wenye mabegi na watoto. Mimi nilisafiri hivyo miaka mingi nikidhani tabu ile ni ya kudumu. Sikukuu ya Mfunguo Tatu, Idi ya kuchinja, huwa mwezi umefika siku ya kumi, maji ni mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na ile saa nne asubuhi maji yapo. Tangu nilipoamua kwenda kwetu Sikukuu Kubwa badala ya Ndogo, nashuka kwa magongo yangu mwenyewe. Safari ya pili naipanga mwezi ukiwa wa siku saba au nane, au ishirini na mbili, tatu. Nimeacha kuuliza kwanza boti gani ina nafasi. Nauliza mwezi umeandama lini.

Miaka ile ya bamvua nilibebwa. Walikuwa mahamali wawili, vijana wenye nia njema kabisa, sikuombwa ruhusa wala sikusemeshwa. Mmoja alinishika kwapani, mwengine magotini, magongo yakachukuliwa na mtu nisiyemjua, nikavushwa juu kama gunia la mbata. Binti yangu, alikuwa na miaka minane, alikuwa mbele yangu akanitazama. Hakusema kitu njia nzima mpaka nyumbani. Usiku akamuuliza mama yake kama baba anaumwa sana. Nimewasamehe wale vijana siku ile ile, na mmoja wao baadaye tulikuja kuzoeana. Lakini neno "bila kubebwa" mliloliweka kwenye swali lenu, mhariri, ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Mtu akitaka kunisaidia, aniulize, "Nikushike wapi?" Nitamwambia: simama mbele yangu ngazi moja chini, bega lako lipate mkono wangu, na mtu mwengine awazuie walio nyuma. Rafiki yangu anayetumia kiti mwendo yeye husema: nigeuzeni, nishusheni kinyumenyume. Kiti kikishushwa uso mbele kwenye mteremko mkali, aliyekikalia anateleza kutoka kitini. Kikishushwa kinyumenyume mgongo wake unabaki umeegemea. Ni jambo la sekunde kumi kulieleza.

Ukishatoka getini, usipande kilima kwa miguu, hata kama unajisikia una nguvu. Panda gari moja kwa moja mpaka juu. Daladala za mbao zenye mabenchi ubavuni huwa hazinifai, mguu wangu ukilala katikati ya njia kila anayeshuka anaukanyaga, lakini makondakta wa huko wakiambiwa mapema hunipa nafasi ya mbele kwa dereva, na humo napata pa kunyooshea. Bodaboda sipandi. Gari ya kukodi kwa safari fupi kama ile si ghali kushinda paja jengine.

Juu ndiko mji unakofurahisha. Mkoani inatazama magharibi, kwa hiyo jua linazama baharini mbele yako, kisiwa cha Makoongwe kiko pale kama unaweza kukigusa, na ngalawa zinarudi. Kaa hapo alasiri yote. Wanaokuja kukusalimu watapanda wao. Hili lilinichukua muda kulikubali, maana mgeni kwetu ndiye anayezunguka nyumba hadi nyumba kuwapa watu mkono, na mdogo kumwita mkubwa amfuate ni utovu wa adabu. Nilimwambia ami yangu mkubwa ukweli: "Ami, shikamoo yako naileta mpaka hapa barabarani, chini siwezi." Akajibu, "Marahaba, nakuja na kahawa." Akaja na mwanawe kabeba birika.

Ila zipo nyumba ambazo lazima uingie. Mwaka juzi nilikwenda na wazee wenzangu kupeleka posa ya mwanangu kwa watu wa mtaa wa chini kidogo ya barabara. Nyumba ya mteremkoni mara nyingi ina mbele iliyonyanyuliwa kwa msingi mrefu, na ile ilikuwa na ngazi saba za saruji zisizo na pa kushika. Wenye nyumba wakaanza kutafuta vijana wa kuninyanyua na kiti. Nikaomba nizungushwe uani. Mzee wa nyumba akaona haya: mgeni wa posa, mwanamme, apite jikoni? Akanambia, "Shekhe, watu watasema tumekudharau."

Lakini nyumba ya kilimani ina siri yake. Upande wa chini ni ngazi, upande wa juu ardhi inakutana na sakafu. Mlango wa uani wa nyumba ile ulikuwa na kizingiti kimoja tu cha kimo cha kiganja. Wajenzi wa sehemu nyingi duniani hupima njia ya kiti mwendo kwa kanuni ya moja kwa kumi na mbili, yaani kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Mbele ya nyumba yenye kimo cha sentimita 120 ingetaka njia ya mita 14.4, na mbele yake hakuna mita tatu kabla ya paa la jirani. Uani ingetosha mbao moja. Unguja Mjini, pamoja na utambarare wake, vizingiti na baraza viko pande zote, mlango wa kukutana na ardhi huupati. Mkoani kila nyumba karibu inao, ila tumeufanya mlango wa kina mama na kuni.

Bibi wa nyumba ndiye aliyekata shauri. Alituma mtoto aseme wanawake wamejistiri, njia ni nyeupe. Nikapiga hodi, nikapita, nikamwamkia kwa heshima zote kando ya mafiga yake, nikaingia ukumbini kwa miguu yangu. Posa ilikubaliwa. Kwangu heshima ya siku ile ilikuwa kubwa kuliko kupitishwa mbele hewani, na nawaomba wenye nyumba za mteremkoni: fagieni uani, ondoeni ndoo njiani, na mgeni wa magongo mwambieni mlango upo, asione aibu kuuliza.

Kuna tarehe nyengine za kuziangalia. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ule udongo mwekundu wa vichochoroni huwa kama umepakwa mafuta, na mipira ya magongo ikiwa imelika huna breki. Mimi hununua mipira mipya kabla ya kila safari. Na msimu wa karafuu, kila kipande kilicho sawa kimetandikwa majamvi, karafuu zinaanikwa. Pahala pa kusimama mtu kama mimi ndipo pahala pa karafuu. Sijawahi kuudhika kwa hilo. Nikisikia harufu ile nazunguka, hata kama mzunguko ni mrefu, maana najua kila punje imeshushwa na mtu kutoka juu.

Zanzibar ilitunga sheria ya watu wenye ulemavu mwaka 2006, ikaja nyengine mwaka 2022, na Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar umekuwa ukidai haya tangu 1985. Mimi nina maombi mawili tu kwa Mkoani, na yote ni kazi ya fundi mmoja: ubao wa kuteremkia uwe na pa kushika pande zote mbili, na kilimani, nusu ya njia, pawe na benchi chini ya mti.

Pahala pamoja bado sijafika. Baba yangu amezikwa kwenye makaburi yaliyo chini ya bonde nyuma ya shamba letu, na njia ya kwenda huko inashuka moja kwa moja. Kwa miaka kumi na tatu nimesoma Fatiha nikiwa juu, nimeshika mnazi. Wapwa zangu walitaka kunibeba, nikakataa. Wakataka kuchonga ngazi, nikawaomba wasichonge. Sikukuu iliyopita tulichukua kamba na ndoo ya maji tukapima. Kutoka mnazini mpaka makaburini ardhi inashuka mita 5, kwa hiyo njia inataka mita 60, na bonde lina nafasi ya kuizungusha kona tatu, kama njia ya nyoka. Kona mbili zimeshachimbwa na kushindiliwa kokoto. Ya tatu wanangoja mvua zipite.