Hewa ya Ndani ya Ndege: Niliyojifunza Nikimsindikiza Mama

Tulipokuwa angani nilifunga vizuri chupa yangu ya maji iliyobaki nusu, na tulipotua Mumbai niliikuta imebonyea pande zote, kana kwamba kuna mtu aliyeikamua kwa kiganja. Mama, ambaye nilikuwa nampeleka kwa matibabu ya moyo, aliitazama kisha akaniuliza, "Mwanangu, na kifua changu kilikuwa hivi?" Sikuwa na jibu, na nilijilaumu kwa kutouliza kabla hatujaondoka Dar es Salaam.

Ndege inapokuwa juu, hewa ya ndani haishindiliwi hadi kufikia ile ya usawa wa bahari. Ndiyo maana chupa iliyofungwa huko juu ilibonyea tulipotua. Katika ndege nyingi kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, huruhusiwa kushuka hadi kulingana na mahali penye urefu wa mita 2,400 hivi, sawa na kusimama kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Katika aina mpya kama Boeing 787, huwa karibu na mita 1,800, yaani takriban urefu wa Nairobi. Mtu mzima wa afya hahisi kitu, zaidi ya tumbo kujaa gesi na usingizi kidogo. Lakini mwenye moyo dhaifu, ugonjwa wa mapafu, upungufu mkubwa wa damu au selimundu anapata oksijeni pungufu kwa saa zote za safari, naye ndiye anayepaswa kumwona daktari wiki kadhaa kabla, kwa sababu oksijeni ya mgonjwa huombwa mapema kwa shirika la ndege, haisubiriwi mlangoni.

Wengi huogopa zaidi kwamba "tunavuta hewa ile ile". Ni kweli kwamba takriban nusu ya hewa huzungushwa tena, ila katika ndege kubwa za kisasa hupitishwa kwenye vichujio vinavyonasa zaidi ya asilimia 99.9 ya chembechembe, virusi vikiwemo, na hewa yote ya chumba hubadilishwa kila baada ya dakika mbili au tatu. Hushuka kutoka darini hadi sakafuni, haitembei sana kutoka mbele kwenda nyuma. Kwa hiyo anayekohoa safu kumi nyuma yako si tishio kubwa kama jirani yako wa kiti, na kama jirani huyo ana mafua, vaa barakoa na ufungue tundu la hewa lililo juu ya kichwa chako.

Hata hivyo, mfumo huo unasaidia pale tu unapofanya kazi. Siku ile tulikaa karibu saa nzima uwanjani, milango imefungwa, hewa haitoki. Jasho lilikuwa linamtiririka mama chini ya mtandio na pumzi zake zilikuwa fupi fupi. Mimi nilinyamaza kwa aibu ya kusumbua watu, jambo ninalolijutia mpaka leo. Abiria mwingine ndiye aliyemwita mhudumu, na baada ya dakika chache matundu yakaanza kupuliza. Usione haya: bonyeza kengele na useme wazi kwamba una mgonjwa.

Ukavu nao si wa kupuuzwa, kwa kuwa unyevu wa hewa huko juu mara nyingi huwa chini ya asilimia 20. Midomo ya mama ilipasuka kabla hatujafika. Beba mafuta ya mgando na matone ya macho, kunywa maji kidogo kidogo, na dawa zote, hasa ya pumu, zikae kwenye begi la mkononi, kamwe zisiende na mizigo ya chini. Simama utembee kila baada ya saa moja au mbili, maana kukaa muda mrefu huweza kugandisha damu miguuni.

Kwa safari ya kurudi, daktari alituandikia barua, nasi tukaiwasilisha siku tano kabla. Mama aliwekewa oksijeni tangu ndege ilipopanda, akalala mpaka tulipoanza kushuka, na tulipotua aliniomba chupa ya maji ili aione tena.